Masta ya mvinyo: nimezunguka vyuo vya dunia nzima kwenye laptopu nikarudi kwenye pipa la Hombolo

Pipa lilikuwa limefika nyuzi 36. Saa tano usiku, mwezi wa tisa mwaka jana, Hombolo, upepo ule wa Dodoma unapuliza mchanga mpaka kwenye meno, na mi nimeinama juu ya pipa la plastiki la lita 200, ndani zabibu zinachachuka ziwe mvinyo, na kipimajoto mkononi, nadumbukiza chupa za maji zilizogandishwa kwenye friji ya shangazi. Mpango wangu ulikuwa nibadilishe chupa kila baada ya saa mbili mpaka asubuhi. Saa sita kasoro umeme ukakatika. Haukurudi mpaka kesho yake mchana.

Wenye pipa zao mnajua kilichofuata. Hamira ikishachemka hivo inachoka, sukari inabaki humo ndani, afu wadudu wengine wanaingia kula mabaki. Baada ya wiki mbili nikifungua mfuniko nanusa asetoni, ile ya saluni ya kutolea rangi ya kucha, yaani ileile. Lita 200 za zabibu za baba yangu. Mzee akaja akanusa, akanyamaza, afu akasema neno moja tu: "Si ulisoma?"

Nilisoma ndio. Digrii ya mambo ya chakula, maziwa, nafaka, nyama, juisi, mvinyo tuligusa kwa kupita tu kama mtu anayepita stendi. Baadaye nikafanya kazi kwenye kiwanda kimoja cha mvinyo huku Dodoma misimu mitatu, kazi yangu ilikuwa kupima sukari za wakulima getini, na hapo ndo nilipoanza kuona zabibu ni kitu kikubwa kuliko nilivyodhani nikiwa mtoto nafukuza ndege shambani. Kwahiyo usiku ule baada ya kumwaga pipa nikafungua laptopu nikaandika kwenye gugo: masta ya mvinyo. Hii posti ni ya miezi iliyofuata, maana watu wengi wananiuliza inboksi "dada unasoma wapi hiyo kitu" na nimechoka kujibu mmoja mmoja.

Kosa langu la kwanza, nilianza na majina makubwa. Ukitafuta hii kitu jina la kwanza linalokuja ni UC Davis, California, na ni haki yake, wale watu wameanza kufundisha mvinyo tangu 1880 wakati huo ikiwa Berkeley, na sehemu kubwa ya hesabu tunazotumia viwandani zimetoka kwao. Kuna mfumo wao wa Amerine na Winkler, unachukua joto la kila siku, unatoa 10 kwa sababu chini ya hapo mzabibu haukui, unajumlisha kuanzia mwezi wa nne mpaka wa kumi, afu namba inayotoka inakuambia eneo lako liko kundi la ngapi kati ya matano. Nikasema ngoja niiweke Dodoma. Nikachukua wastani wa nyuzi 22 tu, wala sikuzidisha, toa 10 inabaki 12, mara siku 214, inakuja 2,568. Kundi la tano, lile la joto kuliko yote, linaanzia kama 2,200. Yaani sisi tuko kundi la juu kabisa.

Nikacheka mwenyewe. Ila nilipolala nikaanza kuwaza, hiyo Aprili mpaka Oktoba ni ya nani? Ni ya mtu ambaye mzabibu wake unalala baridi ikija, unapukutisha majani, unaamka majira ya kuchipua. Sisi tuko nyuzi 6 kusini ya ikweta, mzabibu wetu haulali kabisa, wewe ndo unauamsha kwa mkasi, ukipogoa leo baada ya miezi minne hivi unavuna, ndo maana tunavuna mara mbili kwa mwaka, msimu wa mvua kwenye Februari na Machi na msimu wa kiangazi kuanzia Agosti. Hiyo hesabu ya California kwetu ni kama kumpima mtu viatu kwa kofia. Haimaanishi chuo kibaya. Ila pale nilielewa kwamba kabla ya kuuliza chuo gani bora duniani, nilitakiwa nijue naenda na swali gani, maana kila chuo kimezaliwa kwenye shida ya kwao.

Angalia Montpellier. Shule yao ya kilimo ipo pale tangu 1872, na miaka hiyohiyo shamba la Ufaransa zima lilikuwa linakufa kwa kadudu kanakokula mizizi, filoksera, Planchon wa Montpellier na wenzake ndo walikatambua 1868, na dawa ikaja kuwa kupandikiza mizabibu ya Ulaya juu ya mizizi ya Kimarekani. Mpaka leo ukitaka kujua mambo ya kupandikiza na mizizi kule ndo nyumbani. Wana masta inaitwa Vinifera, miaka miwili, mwaka wa kwanza unasoma Montpellier kwa Kiingereza na wa pili unahamia chuo kingine cha Ulaya walichoungana nacho, Ureno, Hispania, Italia, Ujerumani. Hii niliipenda mno, nikiri. Nilikaa nayo wiki tatu nikijiona niko Lisbon.

Geisenheim, Ujerumani, shida yao ilikuwa baridi, zabibu haziivi, 1882 mtafiti wao Hermann Müller akachanganya mbegu mpaka akapata zabibu inayoiva mapema, ndo Müller-Thurgau hiyo. Mimi naenda kuwaambia nini watu ambao walihangaika zabibu ziive? Zangu zinaiva mpaka zinapitiliza! Hapo kuna mtego wa hela pia, watu wanasikia Ujerumani bure wanarukaruka. Vyuo vingi vya serikali kweli havitozi ada, unalipa mchango wa muhula tu, lakini kama huna ufadhili ubalozi unataka uoneshe karibu euro elfu 12 zimekaa kwenye akaunti maalumu ya kukutunza mwaka mmoja. Hizo ni zaidi ya milioni 30 za kwetu zikiwa kavu, zimetulia, hazidaiwi na mtu. Mimi mshahara ulikuwa ukitoka bodi ya mikopo imeshachukua asilimia 15 yake kabla sijaona meseji ya benki.

Bordeaux nitapita haraka. Ile diploma yao ya taifa ya unolojia, yaani elimu ya kutengeneza mvinyo, ni kwa Kifaransa, na Kifaransa changu kinaishia bonjour. Masta za biashara ya mvinyo za Dijon na kwingineko ni nzuri kama unataka kuuza, na kwa kweli Dodoma tunahitaji wauzaji kuliko wapishi, wakulima wamekaa na matangi ya mchuzi wa zabibu yanasubiri mnunuzi (kwa msio wa huku, mchuzi ni zabibu zilizokamuliwa, sio wa kulia ubwabwa). Ila mi mwenyewe sijui kuuza hata karanga, nilijaribu chuoni nikala mtaji.

Kitu kingine kinachochanganya watu, Master of Wine sio masta. Huendi chuo kikuu, ni mtihani wa taasisi moja ya London, ulianza 1953, unafanya nadharia na unaonja mvinyo bila kuona chupa, wanaofaulu ni wachache mno. Na zile levo za WSET nazo ni kozi za kuonja na kujua mvinyo wa dunia, zinafaa sana ukitaka kazi hotelini, Zanzibar kule au Nairobi au Dubai, kwenye kuagiza na kuuza. Hazitakufundisha kutengeneza. Kuna dogo mmoja alilipia wakala mjini laki nane akaambiwa ni "masta ya mvinyo ya Uingereza onlaini", kumbe ni kozi ya levo ya pili ya siku chache. Laki nane. Ulizeni kwanza, na kama ni digrii ya nje angalieni kama TCU, tume yetu ya vyuo vikuu, wataitambua, msiniambie baadaye.

Sasa turudi kwenye swali. Niliandikia maprofesa kumi na mmoja imeli ndefu za heshima nyingi, nimefurahishwa sana na kazi zenu, nk nk. Wanane kimya. Wawili wakanitumia linki ya kuaplai. Mmoja akajibu mistari mitatu, na mstari wa mwisho alisema, kwa maneno yangu: umenieleza unataka kusoma, hujanieleza unataka kujua nini.

Daah. Ilinichoma kuliko ile ya baba.

Nikachukua daftari nikaandika kila kitu kilichowahi kuharibika kwenye mapipa yangu na kiwandani misimu yote mitatu. Pipa la nyuzi 36 likawa la kwanza. Nikalitazama weee, afu nikalikata kwa kalamu. Kwasababu gani? Kwasababu jibu lake nalijua, linajulikana dunia nzima, ni kupoza. Hiyo haihitaji masta, inahitaji chila na jenereta. Ningetumia miaka miwili na mamilioni kwenda kusomea kitu ambacho fundi wa friji wa pale Majengo anaweza kunifungia. Nikakata na la pili, mashine ya kukamulia inayopasua mbegu, hilo ni la spea. La tatu pampu. La nne wadudu wa siki, hilo ni usafi, ni mimi na brashi.

Lililobaki lilikuwa pH, kile kipimo cha ukali wa tindikali, namba ikipanda ukali umepungua, na hili nitaling'ang'ania kidogo, mnisamehe.

Zabibu nyekundu ya Makutupora ya mwezi wa tisa nilikuwa naipima inakuja na pH 3.8, 3.9. Kwa asiyejua hiyo ni kama unga wa ugali uliokosa maji, kila kitu kinachofuata kitaharibika hata ukikoroga kwa nguvu. Tunaweka salfa kulinda mvinyo si ndio, lakini salfa inayofanya kazi ya kuua wadudu ni kasehemu kadogo tu ka ile uliyoweka, na hako kasehemu kanategemea pH. Kwenye pH 3.2 ni kama asilimia 4. Kwenye 3.8 ni kama asilimia 1. Kwahiyo mimi na Mjerumani tunaweka kijiko kilekile, yeye ana walinzi wanne mlangoni mi nina mmoja na amesinzia. Unaweza kununua tindikali ya tataric ukarekebisha, tunafanya hivo, ila inakuja na ndege na bei yake ni ya kulia. Na chanzo hakiko kiwandani. Kiko shambani, kwenye joto, maana zabibu ikiiva kwenye joto inaunguza ile tindikali yake nyingine ya malic, ileile ya kwenye maembe mabichi na matufaha, ikifika getini kwangu imeshabaki sukari tupu.

Hapo ndo nikajua nachagua upande gani, kwasababu hili jambo lina pande mbili na vyuo vingi vinakulazimisha uchague, shamba au pipa. Miezi yote minne nilikuwa naaplai pipa. Swali langu lilikuwa shamba.

Nilipomweleza baba akacheka. Baba hanywi, ni mzee wa kanisa, amelima zabibu miaka karibu thelathini na hajawahi kumeza hata funda, na mwanzoni alivyosikia masta alisema "mama, umesoma miaka yote hiyo ukasomee pombe?" Ila siku ile tulikuwa tumekaa chini ya mwembe, amekunja suruali, anachonga mpini wa jembe, akasema wale wa kule mizabibu yao inalala, wetu haulali, kawaulize kitu kisicholala kinazeeka lini. Shamba lake lina miaka kumi na nane na kila mwaka linapungua. Nikaiandika vilevile kwenye daftari.

Ukiwa na swali la mzabibu usiolala, ramani ya vyuo inabadilika kabisa. Davis inashuka, Geisenheim inatoka. Inapanda Petrolina, Brazil, bonde la mto São Francisco, wako nyuzi 9 kusini, nusu jangwa kama sisi, wanamwagilia na wanavuna mara mbili kwa mwaka, yaani shamba hili linachanua na la pembeni linavunwa siku hiyohiyo, na kituo chao cha utafiti cha Embrapa ndo kinahangaika na mambo haya. Ningeenda hata kesho. Kireno sasa. Nilianza kujifunza kwenye simu, nikaishia kujua kuomba kahawa.

Na inapanda Stellenbosch, Afrika Kusini. Sababu zangu si zile za kwenye brosha, ingawa historia wanayo, profesa wao Perold pale 1925 alichanganya Pinot Noir na Cinsaut ikapatikana Pinotage, zabibu ambayo leo ndo utambulisho wa Afrika Kusini. Mimi nilivutwa na mambo mengine. Zabibu yao nyeupe kubwa ni Chenin Blanc, na sisi Dodoma nyeupe yetu kubwa ni hiyohiyo Chenin. Wana maeneo ya joto kali kule ndani mto Orange, Upington, watu wanalima kwa kumwagilia na wanapambana na tindikali kama mimi. Masta yao ya utafiti unafanya na msimamizi mmoja na swali moja, hauzunguki madarasani miaka miwili. Tanzania iko SADC, kwahiyo ulizia ada ya SADC kabla hujaogopa namba ya kwanza unayoiona. Na mavuno yao ni Januari mpaka Machi, yetu mazuri ni Agosti na Septemba, mtu unaweza kufanya misimu yote miwili ndani ya mwaka, na hii kazi inajifunzwa kwa kuhesabu misimu.

Afu kuna Ntsiki Biyela. Ametoka kijijini KwaZulu-Natal, alipata ufadhili wa kusomea mvinyo Stellenbosch wakati hajawahi hata kuuonja, masomo yalikuwa kwa Kiafrikaans lugha ambayo hakuwa anaijua, akamaliza 2003 na akawa mwanamke mweusi wa kwanza Afrika Kusini kuwa mtengenezaji mvinyo mkuu. Sasa ana kampuni yake, Aslina, jina la bibi yake. Mi angalau asetoni nimeshainusa.

Nikamwandikia tena yule wa mistari mitatu. Safari hii imeli fupi: tuko nyuzi 6 kusini, mzabibu haulali, naweza kupogoa mwezi wowote, je nikihamisha siku ya kupogoa ili zabibu iive kwenye baridi ya mwezi wa saba badala ya joto la mwezi wa tisa, pH itashuka kiasi gani na mzabibu utalipa nini? Akajibu siku hiyohiyo. Ukurasa mzima. Amesema atanipokea hela ikipatikana, naendelea kutafuta ufadhili, ikikubali naanza mwakani, ila akasema usisubiri chuo, anza na mistari minne ya mizabibu shambani.

Baba alinipa mistari minne ya mwisho karibu na korongo, ile asiyoipenda. Nikapogoa mwisho wa mwezi wa pili wakati majirani wote wanashangaa, mvua bado ipo. Na kweli, ubwiri vinyoya ukaingia, majani yakawa na madoa kama yamemwagiwa mafuta, nikapuliza dawa mpaka mgongo ukagoma, mashada mengine nikayatupa. Mwezi wa saba usiku watu Dodoma wanavaa makoti na mimi nikavuna. pH 3.58. Nilirudia kupima mara tatu, nikaosha mashine, nikapima tena. 3.58! Sijawahi kuona hiyo namba kwenye Makutupora nyekundu ya kwetu.

Wiki iliyopita baba naye kavuna mistari yake, minne ya kulinganisha tuliyoiwekea alama kwa kitambaa. 3.87. Nikaziandika namba mbili kwenye karatasi moja nikampelekea shambani, nikamweleza taratibu, salfa, walinzi wanne, mlinzi mmoja, kila kitu, na yeye anasikiliza huku anahesabu kreti kwa macho. Zake zilikuwa kumi na moja. Zangu mwezi wa saba zilikuwa tano.

Akanirudishia karatasi.

"Sawa mama. Sasa hiyo namba yako, getini wanainunua shilingi ngapi kwa kilo?"